Namba ya Daktari, Kipande cha Babu

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kazi ya kwanza iliyonilipia nyumba ilikuwa ya mtandaoni: kujaza madai ya bima ya kliniki moja ya Marekani, usiku kucha, nikiwa Nairobi. Siku ya tatu nilikosea tarakimu moja kwenye namba ya daktari. Mfumo ukaikataa hapo hapo. Nikashangaa, imejuaje?

Kumbe namba yenyewe inajilinda. Ina tarakimu 10, na ile ya mwisho hupatikana kwa kuzipigia hesabu zile 9 za mbele. Ukikosea moja tu, hesabu haikubali. Mbinu hiyo ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyepata hataza yake mwaka wa 1960. Ndiyo hiyo hiyo inayolinda kadi yako ya benki.

Nikaanza kuchimba historia yake. Zamani daktari wa Marekani alikuwa na namba chungu nzima, juu kila bima ilimpa yake. Mwaka wa 1996 Bunge lao, Congress, likapitisha sheria ya HIPAA, iliyoagiza namba za aina nne: ya mhudumu wa afya, ya mwajiri, ya mpango wa bima na ya mgonjwa. Kanuni ya namba ya mhudumu, NPI, ilitolewa 2004, na kufikia Mei 23, 2007 wengi walitakiwa wawe wanaitumia. Daktari akihama jimbo au akibadilisha jina, namba ni ile ile. Na si siri: mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni, bure, aone jina, anwani ya kazi na fani yake.

Na ya mgonjwa je? Haikuzaliwa. Watu waliogopa siri zao za hospitali kufunguliwa kwa namba moja, na kuanzia 1998 Congress ikawa inazuia pesa za kuianzisha, mwaka baada ya mwaka. Hofu hiyo ina gharama yake: majina na tarehe za kuzaliwa zikifanana, faili za wagonjwa zinaweza kuchanganyika.

Kwetu namba ilianzia upande ule mwingine. Sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu kubeba kipande, chenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya mkebe wa chuma shingoni. Babu ya baba yangu alikivaa. Mwajiri aliweza kumsoma yeye. Yeye hakuwa na mahali pa kumsoma mwajiri.

Sisemi Wamarekani ni malaika. NPI ililetwa na bili, si haki. Lakini imenifundisha swali la kuuliza kabla sijataja namba yangu: hapa nani anamwona nani?

Juzi soja wa jengo moja huko town aliniambia niandike namba ya kitambulisho kwenye kitabu cha wageni. Nikaandika. Nikamuuliza, kitabu kikijaa kinapelekwa wapi?

Akacheka. "Hata mimi sijui, buda. Wewe andika tu."