Msaada wa kijamii, jinsia na ufaulu chuo kikuu

Msaada wa kijamii ni tegemeo analopata mwanafunzi kutoka kwa familia, marafiki na wahadhiri. Mwaka 1981 mwanasosholojia James House aliugawa katika aina 4: faraja, msaada wa vitendo, taarifa na tathmini. Kwa upande wa jinsia, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kupokea wanawake mwaka 1945. Mwaka 1990 waombaji wa kike wakaanza kuongezewa alama 1.5 za udahili. Alama hizo hufungua mlango tu. Ili afaulu, mwanafunzi mwenye mtoto mchanga huhitaji mtu wa kumshikia mtoto saa ya mtihani, na mwenzake wa kumwazima daftari ili anakili kipindi alichokosa. Wanaume waliofunzwa kujikaza nao huweza kuchelewa kuomba msaada.