Usukani wa mkiani

Mwambie dereva wa basi kwamba usukani umekwama, ataangalia mikono yake. Nahodha wa jahazi atageuka kutazama nyuma. Kwenye ndege, nahodha ndiye aliye sahihi: usukani ni lile bapa la wima mkiani, na rubani huugeuza kwa miguu.

Tarehe 9 Oktoba 2002, Boeing 747 ya Northwest Airlines iliyotoka Detroit kwenda Tokyo ilikuwa karibu na Bahari ya Bering usukani wake wa chini ulipojipinda kushoto na kugoma kurudi. Ndege ikalala upande. Ilikuwa na sukani mbili, na huo wa pili ndio uliowaokoa: marubani waliukanyagia kulia, wakainamisha na vibawa vya pembeni, wakapokezana miguu ilipochoka, hadi Anchorage. Watu zaidi ya 400 walishuka salama. Chuma cha kifaa kinachousukuma usukani kilikuwa kimekatika kwa uchovu.

Wahariri wenzangu, tuandikapo habari za namna hii tuseme "usukani wa mkiani". Msomaji ana haki ya kujua ni kitu gani hasa kilichokwama.