Jinsi ya kupakia spika kubwa kwenye Noah kwa usalama

Kibondo na Kasulu, muziki wa harusi na mikutano ya vijijini mara nyingi husafiri kwa Noah. Kabla hujapakia, zingatia haya:

Pima mlango. Mlango wa nyuma ni mwembamba kuliko nafasi ya ndani. Hesabu pia vishikio na vitairi vya spika.

Besi kwanza. Boksi lenye spika mbili za inchi 18 linaweza kuvuka kilo 80. Kunja siti za nyuma, tandika blanketi, kisha lisukume mpaka liegemee mgongo wa siti iliyo mbele yake. Ukililaza, koni zitazame juu. Vitu vyepesi vikae juu yake.

Funga kwa mikanda ya mizigo. Dereva akikanyaga breki ghafla kwenye spidi 60, besi isiyofungwa inaendelea mbele kwa spidi ileile. Aliye mbele yake ataipokea mgongoni.

Funika. Kiangazi, vumbi la barabara za vijijini linaingia hadi ndani ya spika.

Vijana wa muziki wasikae juu ya maboksi wala kubanana pembeni yake. Nafasi ikiisha, tafuteni gari la pili.