Mafumbo ya Visanduku na Tahajia ya Kiswahili

Watu wa pwani na wa bara wamefumbiana maneno tangu zamani. Jioni, baada ya chakula, mmoja husema "Kitendawili!" na wenzake wakaitikia "Tega!", na anayeshindwa hutoa mji ndipo aelezwe jibu. Vijana wa pwani wana kinyume chao, ambamo silabi ya mwisho huletwa mbele ili mgeni asikie asifahamu. Washairi nao wametunga beti zinazofuata alfabeti ya Kiarabu, kila herufi na ubeti wake. Basi mchezo wa kulificha neno na kulifichua si mgeni kwetu. Lililo geni ni lile boma la visanduku tunaloliona magazetini, ambamo maneno hupitana mlalo na wima. Hilo ndilo tutakalo kulisimulia, kwa kuwa twaamini lina kazi darasani ambayo bado haijatumiwa ipasavyo.

Asili yake ya mbali yaonekana katika magofu ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Huko umekutwa mraba wa maneno matano ya Kilatini yenye herufi tano tano, unaosomeka sawasawa ukianzia mwanzo au mwisho, juu au chini. Lakini fumbo kama tulijualo leo lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyefanya kazi katika gazeti la New York World. Lilitokea tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi na tundu katikati. Wiki chache baadaye wapanga chapa wakayapindua kwa makosa maneno mawili ya jina lake, na jina la makosa ndilo lililodumu. Mwaka 1924 kikatoka kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, kikiuzwa pamoja na penseli yake. Mwaka huo huo gazeti la The New York Times liliwakejeli wachezaji kuwa wanapoteza wakati. Nalo likaja kuchapisha fumbo lake mwaka 1942. The Times la London lilikuwa limekwisha kusalimu amri tarehe 1 Februari 1930.

Mwaka huo wa 1930 una maana kwetu kwa sababu nyingine. Ndio mwaka ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mambo haya mawili hayakujuana, lakini la kwanza haliwezekani katika lugha yetu pasipo la pili. Fumbo la visanduku hudai kwamba watu wote waandike neno kwa herufi zile zile. Zamani hati zetu zilikuwa za Kiarabu, nazo zilitosha kwa tenzi na barua, kwa kuwa msomaji alijua lugha na akajaza mwenyewe; lakini alama moja ya irabu ilibeba u na o, hata kuku na koko vikafanana karatasini. Wamisionari wakaleta herufi za Kilatini, kila mmoja na mazoea ya kwao. Wajerumani wakaandika kwa masikio ya Kijerumani. Katika hali hiyo, mtungaji angehesabu visanduku kwa tahajia ya nani? Kamati ndiyo iliyolifunga jambo hilo, na baada ya uhuru kazi ya kuilea lugha ikaendelezwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Sasa tuingie darasani. Kila mwalimu anajua maradhi ya tahajia yetu. Mwanafunzi huandika kama mamake anavyosema nyumbani, na katika lugha nyingi za nchi yetu l na r ni ndugu wasioachana. Dh hugeuka z, th hugeuka s, na h hudondoka njiani. Imla huyafichua makosa haya, lakini haiyatibu: mtoto hupata msalaba mwekundu, akafunga daftari.

Fumbo tulipendalo kwa kazi hii si lile la vidokezo vigumu, bali lile la kupanga maneno. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya maneno, yaliyo sahihi yote, na kando yake visanduku vitupu. Mwanafunzi hutafuta kila neno likae wapi. Tuseme orodha ina kalamu na karamu. Yote mawili yana herufi sita, na tano zafanana, kwa hiyo urefu haumsaidii mtu. Mwalimu akilipitisha neno shule katika herufi ya tatu ya kalamu, na barua katika herufi ya tatu ya karamu, mtoto hana njia ila kuitazama ile l na ile r kwa macho yake. Akiyabadilisha mahali, atapata "shure" na "balua", maneno ambayo orodha haiyajui. Hapo kosa limejitangaza lenyewe, bila ya kalamu nyekundu.

Kwa dh na th hata kupitana si lazima; hesabu yatosha. Dhahabu yataka visanduku saba, na aliyeandika "zahabu" hubakiwa na kimoja kitupu. Thelathini yataka kumi. "Selasini" huishia cha nane. Mwalimu aangalie tu asipitishe mlima katika l anayotaka kuifundisha, kwani mwanafunzi akiandika r atapata Mrima, nayo ni pwani yetu halali.

Msamiati hufuata baadaye, orodha inapoondolewa na vidokezo kuwekwa. Hapa vitendawili vyetu vinarudi nyumbani: nyumba yangu haina mlango, visanduku vitatu. Twaona kidokezo cha namna hii chafaa kuliko maana iliyonakiliwa kamusini, kwa sababu mtoto hufikiri kwanza kitu, kisha neno, kisha herufi zake.

Wengine husema huu ni mchezo, na madarasa yamejaa. Sisi twasema kwamba madarasa yaliyojaa ndiyo hasa yanayouhitaji. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, watoto waliingia shuleni kwa wingi kuliko vitabu vilivyokuwapo, na fumbo la ubaoni halidai zaidi ya chaki. Hata katika kisomo cha watu wazima, ambako wengi walianza na ba, be, bi, bo, bu, kila kisanduku chaweza kubeba silabi nzima: maji yaishe kwa ji, jiko lianzie hapo, jiko liishe kwa ko, koti lishuke.

Limebaki swali la ng'ombe, ambalo wanafunzi hawakosi kuliuliza: ile ritifaa ikae wapi? Wako wanaoipa kisanduku chake, na wako wanaoiacha kabisa. Kuiacha ni kufundisha kosa, maana ng'ombe hatakuwa ng'ombe tena. Na kisanduku cha alama peke yake hakiwezi kupitiwa na neno lolote. Sisi twaiweka pamoja na g, ndani ya kisanduku kimoja, na neno linalopita hapo liwe nalo lina ng' yake, kama ng'ambo au ng'aa.