Vyumba vya Mgeni: Somo la Windsor, 1855



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka huu tunachangia vyumba vya wageni kwenye ukumbi wetu, nasi tumeona tukumbushane kisa kimoja cha historia.

Aprili 1855, Malkia Victoria wa Uingereza alimpokea Kaisari Napoleon III wa Ufaransa na mkewe Eugénie katika ngome ya Windsor. Wakati huo nchi zao zilikuwa upande mmoja katika vita dhidi ya Urusi huko Crimea. Lakini miaka 40 tu nyuma, mwaka 1815, Waingereza na washirika wao walimshinda Napoleon wa Kwanza, baba mkubwa wa mgeni, katika vita vya Waterloo.

Kitanda cha wageni kilivishwa hariri ya kijani na zambarau, ikatariziwa herufi za majina yao. Hiyo ilikuwa kazi ya fedha na fundi. Jambo zito lilikuwa ukumbi mkubwa wa ngome, uliotengenezwa kuadhimisha ushindi wa Waterloo na kupambwa picha za wafalme na majemadari waliomwangusha Napoleon. Humo humo Malkia alicheza dansi na mgeni wake, na katika shajara yake akastaajabu kwamba mjukuu wa George III anacheza na mtoto wa ndugu wa adui yao mkuu. Agosti mwaka huohuo naye akaenda Paris, akasimama mbele ya kaburi la adui huyo.

Nasi tunao majirani wa ng'ambo ya mto. Babu zetu waligombea nao malisho, na wazee wanaokumbuka bado wapo. Leo watoto wetu na wao wanasoma darasa moja. Siku ya ufunguzi watakuwa wageni wetu wa heshima.

Gharama za vitanda, magodoro na vyandarua zimo katika ukurasa wa mahesabu, na kila shilingi itatolewa maelezo. Ila lipo lisilohitaji shilingi. Baadhi yetu wamependekeza ukumbi upewe jina la ugomvi ule. Windsor, jina la Waterloo lilikuwa limeshakaa. Sisi kibao chetu bado hakijaandikwa. Tunaomba tulitafakari hilo kabla ya mkutano mkuu, na kila mmoja aje na mchango wake.