Biashara Haigombi: Funzo la Soko la Nyangwe

Wahenga walisema biashara haigombi. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu huieleza upesi: muuzaji avumilie maneno ya mnunuzi ili apate kuuza. Maelezo hayo si mabaya, ila ni mafupi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba faida ya soko la wakulima haiishii kwenye bei nafuu na mboga mbichi. Soko ni mapatano ya amani kati ya mlimaji na mlaji, na historia ya lugha yetu inatuonya juu ya gharama ya kuyavunja. Kwa ushahidi tutavuka mpaka wa magharibi wa Uganda mpaka Maniema, nchini Kongo.

Mwishoni mwa Machi 1871, David Livingstone alifika Nyangwe, kituo cha wafanyabiashara wa pwani kando ya mto Lualaba. Alikaa hapo miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuvukia. Karatasi zilikuwa zimemwishia, basi akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Jambo lililomvutia mno lilikuwa soko, ambalo aliliandika kwa jina la chitoka. Halikuwa la kila siku; lilikuwa na siku zake maalumu, kama magulio ya Tanzania. Wengi wa wauzaji walikuwa wanawake, waliotoka pande zote mbili za mto wakiwa wamebeba samaki, mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, kuku na vyungu. Mfinyanzi alikigonga chungu pande zote kwa vifundo vya vidole, mnunuzi asikie mwenyewe kwamba hakina ufa. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kununua kwa aliyetengeneza au aliyelima: mwenye kujibu swali lako yuko mbele yako.

Faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Livingstone alieleza kwamba wanawake wa sokoni walipita salama hata pale vijiji vilipokuwa na ugomvi. Silaha hazikuwa na nafasi sokoni. Hapo methali yetu inapata maana yake kamili. Aidha, misafara ya pwani, pamoja na nguvu zake zote, ilitegemea chakula kilicholimwa na wenyeji.

Tarehe 15 Julai 1871 mapatano hayo yalivunjwa. Siku hiyo ilikuwa ya joto kali, na sokoni walikuwapo watu wapatao 1,500. Watu watatu wa msafara wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe waliingia na bunduki. Mmoja wao alishindana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Punde si punde risasi zikaanza kulia. Watu walitupa bidhaa zao wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana katika kijito, na wengi waliojitosa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400.

Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1874, baada ya kifo cha mwandishi, ikiwa imehaririwa. Mwaka 2011 wataalamu waliisoma upya nakala ya awali kwa kupiga picha za mwanga maalumu, wakabaini tofauti kati yake na kitabu. Hivyo tunapaswa kuisoma kwa uangalifu. Hata hivyo, mauaji yenyewe yamo katika maandiko yote mawili. Habari zake zilipofika Uingereza ziliongeza hasira dhidi ya biashara ya utumwa, na mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Ndugu msomaji, sisi walimu wa Kiswahili hatuwezi kulipita tukio hili kimyakimya. Misafara ile ilizungumza Kiswahili. Lugha tunayoipenda iliingia bara kwa milango miwili, mlango wa soko na mlango wa bunduki. Hapa Uganda tunaujua vizuri mlango wa pili. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wazazi wengi wakakihesabu kuwa lugha ya askari na ya vitisho. Katiba ilikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sheria haifuti kumbukumbu ya mtu aliyewahi kuamriwa kwa Kiswahili alale chini.

Je, tufanye nini? Tukirudishe mlango wa kwanza. Soko la Nyangwe halikufa. Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876 walilikuta watu wakiuziana. Hapa kwetu, mwezi Machi 2020, wakati wa marufuku ya Korona, wauza vyakula waliruhusiwa kuendelea na kazi kwa sharti la kulala sokoni. Akina mama wa Nakasero walilala chini ya vyandarua kando ya mafungu yao ya nyanya ili mji ule. Anayenunua kwao hanunui nyanya tu. Anaendeleza mapatano yaleyale ya zamani.

Sokoni pia kuna somo la bure. Mganda husema okugula, Mnyarwanda na Mrundi husema kugura, na Kiswahili, ijapokuwa husema kununua, kina neno gulio lenye mzizi uleule. Mwanafunzi akiyasikia hayo kwenye fungu la ndizi hatayasahau.

Tunapendekeza kwamba kila darasa la mwaka wa kwanza lipelekwe sokoni angalau mara moja kwa muhula. Wanafunzi wasalimie, waulize bei, waombe kupunguziwa, walipe na kushukuru, yote kwa Kiswahili. Mama muuzaji akijibu kwa Luganda, wasimlazimishe. Wamngoje. Lugha haipatikani kwa amri. Hupatikana kama bei, kwa maelewano.