Mti wa chunguni wakati wa kaskazi: si kila unaonyauka una kiu

Shangazi yangu wa Kibokoni alinipigia simu mwezi wa Februari, alfajiri, kabla sijanywa chai. "Wallahi mwanangu, kila siku nautia maji, asubuhi na jioni, na bado waangusha majani. Nifanye nini?"

Mti wenyewe ni mtini mwitu uliochipuka kwenye ufa wa ukuta wa nyumba yao. Marehemu babu aliuchomoa ukiwa hauzidi kidole, akaupanda kwenye kibakuli cha udongo. Leo haujafika urefu wa mkono, ila shina lake limenenepa kama kifundo cha mtu mzima na mizizi imekumbatia kipande cha tumbawe ulichotoka nacho ukutani. Wajapani huuita mti wa namna hii bonsai, yaani uliopandwa kwenye chombo. Babu hakulijua neno hilo, na sidhani kama lingemshughulisha.

Nilimuuliza shangazi jambo moja tu. "Ukichomeka kidole mpaka chini, pakoje?"

"Majimaji. Tena panuka."

"Basi usiutie maji tena mpaka nije."

Alinyamaza. Nadhani aliona namkatia roho mti wa baba yake.

Swali lile sikufundishwa Mombasa. Nilifundishwa Londiani, mji mdogo wa kaunti ya Kericho, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kwenye reli ya zamani ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu. Mtu akisikia Kericho hufikiria majani chai, lakini Londiani ni nchi ya misitu, mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Chuo cha Misitu cha Kenya kipo hapo tangu 1957, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ina kituo chake. Kwa hiyo vitalu vya miche havikosekani, na mimi nilikaa kwenye kimoja msimu mzima wa ukavu, Desemba mpaka Machi, nikijifunza kazi.

Nilifika na akili ya pwani: joto ndilo linalokausha. Londiani mchana nilikuwa nimevaa sweta, na saa nane miche ilikuwa imelegea kama mchicha wa jana. Mzee wa kitalu, Mkipsigis asiyependa maneno mengi, alinicheka. Hewa ya kule miezi hiyo ni kavu na jua la Ikweta katika mwinuko ule ni kali, hivyo jani hutoa maji upesi hata kama wewe unasikia baridi. Kwetu ni kinyume: joto jingi, lakini hewa imejaa unyevu wa bahari, na jani halipotezi maji kwa kasi unayoidhania ukijitazama wewe unavyotoka jasho. Ukiufanya mwili wako kipimo cha kiu ya mti, utakosea kote kuwili.

Kipimo cha mzee kilikuwa mkono. Kila asubuhi alipita kwenye safu, akanyanyua kifuko cha mche hapa, kingine pale, akakirudisha. Kizito, anakiacha. Chepesi, anakitia maji. Safu moja ingeweza kupata maji na ya pili yake ikanyimwa, kwa sababu hii iko karibu na ua na ile inapigwa na upepo. "Kijana wa Mombasa," aliniambia siku niliyomwagilia kitalu kizima kwa sababu tu saa imefika, "maji si dawa ya hospitali, mara mbili kwa siku."

Hilo ndilo kosa linaloua miti ya chunguni huku kwetu kaskazi ikiingia. Watu wana huruma, wanaona jua, wanazidisha maji. Na wale waliosoma vitabu hupotea zaidi, maana karibu vitabu vyote vya bonsai vimeandikiwa nchi ambazo joto lake ni Juni hadi Agosti. Kwetu miezi hiyo ni ya kusi, ndiyo ya baridi. Joto letu ni Januari hadi Machi.

Sasa kwa nini chungu kifupi kinadanganya? Maji uliyomwaga hayashuki yote. Sehemu ya chini ya udongo hubaki imeloa, kwa kuwa punje za udongo huyashika maji yasivutwe na uzito wake. Kimo cha sehemu hiyo hakitegemei kina cha chungu, kinategemea ukubwa wa punje. Ukitaka kuona, chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondoka. Kisha isimamishe wima. Itadondoka tena, kwa sababu sasa ni ndefu na maji yaliyokuwa yameenea kote yamepata pa kushukia. Chungu cha bonsai ni ile sponji iliyolazwa. Ndiyo maana udongo wa juu unaweza kuwa mkavu kama vumbi saa saba mchana, na sentimita 3 chini yake mizizi ikawa inazama.

Dawa yake si kupunguza maji kwanza, ni kubadilisha udongo. Udongo mweusi wa bustani, ule mlaini, haufai kwenye chombo kifupi. Tafuta punje za milimita 2 hadi 5: matofali au vigae vilivyopondwa, makaa, kokoto ndogo, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuoshwa. Chekecha, vumbi litupe. Aliye na jamaa wa kumletea mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Naivasha na Longonot amebahatika. Mchanga wa bahari usiuguse, una chumvi. Halafu tundu la chini liwe wazi kweli, si lililozibwa na mizizi.

Ukishakuwa na udongo wa namna hiyo, ndipo uanze kuhesabu maji, na huenda ukahitaji kumwagilia kila siku, hata mara mbili siku za kaskazi kali. Chomeka kijiti cha mshikaki karibu na mizizi, kiache dakika 10, kitoe ukiguse shavuni. Kikitoka na rangi ya unyevu na ubaridi, subiri. Kikitoka karibu kikavu, tia maji, na ukitia, tia kweli. Mwagia juu yote polepole kwa mkebe wenye matundu madogo mpaka maji yatoke chini. Ngoja kama dakika 10. Rudia. Mara ya kwanza udongo unafungua kinywa, mara ya pili ndiyo unakunywa. Kunyunyiza kidogo kidogo juu juu ndiyo mbinu mbaya kuliko zote: mizizi ya juu inapata, ya ndani inakufa, na chumvi inabaki chomboni.

Ikiwa udongo umekauka hata maji yanateleza pembeni na kutoka chini mara moja, umekataa kulowa. Weka chungu kizima kwenye beseni, maji yafike karibu na ukingo wake, utaona mapovu. Yakiisha, toa, acha kichuruzike.

Kuhusu saa, watu wana imani nyingi. Mmoja ataapa kwamba maji ya mchana yanaunguza majani. Mti ukinyauka saa saba na udongo wake mkavu, utie maji saa hiyo hiyo, usiungoje jioni. Kinachounguza ni maji yenyewe yakiwa moto: mpira uliolala juani, au tangi jeusi juu ya paa. Weka mkono kwanza. Yakikukera wewe, yatakera mizizi. Mimi huchota usiku, nikaacha ndoo ndani ya nyumba kwa ajili ya kesho yake. Kwa kawaida asubuhi mapema ndiyo bora. Kule Londiani mzee alikataza kabisa kumwagilia jioni, kwa sababu usiku ni baridi sana, na mche uliolala majimaji huoza shina. Huku pwani usiku wa Februari bado ni joto, jioni haina ubaya, mradi kijiti kimesema.

Maji yetu nayo yana mambo yake. Nyumba nyingi za Mombasa bomba hutoa kwa zamu, na visima vingi vina chumvi. Mti wa chunguni hauna pa kukimbilia chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zimeungua rangi ya kahawia, ni hiyo. Siku ya mvua toa chungu nje kioshwe. Pasipo mvua, tega maji yanayodondoka kutoka kwenye mashine ya kupoza hewa: hayana chumvi, na katika unyevu wa Mombasa mashine moja hujaza ndoo bila kukuomba kitu. Maji ya kuoshea mchele wapelekee migomba, chunguni yanaleta ukungu na sisimizi.

Lakini kabla ya kuongeza maji, punguza joto. Chungu cheusi juu ya sakafu ya saruji darini kinapikwa kutoka pande mbili. Kiinue juu ya mbao, kipate kivuli kuanzia saa tano hadi saa kumi, neti ya kivuli au kanga kuukuu inatosha. Kwenye kitalu tulifanya vivyo hivyo, tena kivuli kiliondolewa kidogo kidogo miche ilipokuwa tayari kwenda shambani.

Miti haifanani. Mtini huvumilia mengi na hukwambia mapema kwa kuangusha majani, ingawa huangusha pia ukiuhamisha mahali tu. Mkwaju hukunja majani usiku hata ukiwa mzima, kwa hiyo usiurukie na mkebe saa moja jioni ukidhani una kiu. Mbuyu mdogo na waridi la jangwani huweka maji shinani. Ukaukie kabisa ndipo uutie tena, na mbuyu ukipukutisha majani wakati wa ukavu usiubembeleze kwa maji, umelala.

Na kuna mtarakwa, ambao mimi siwezi kuusema bila aibu. Nilipoondoka Londiani mzee alinipa mmoja, mche uliopinda ambao hakuna mteja angeununua. Alikuwa amekwisha kuukata mizizi mara mbili. Niliupakata kwenye basi usiku kucha mpaka Mombasa, nikauweka barazani. Kaskazi ilipoingia niliutazama kwa bidii: kijiti, kivuli, maji ya ndooni. Ulibaki kijani kibichi, nikawa nawaringia wageni. Mwisho wa Machi nikaugusa tawi, likavunjika kama njiti ya kiberiti. Ndani palikuwa pakavu kitambo. Mtarakwa na jamaa zake hufa leo, rangi ikaja kubadilika wiki kadhaa baadaye. Sijui nilimwagilia maiti kwa siku ngapi. Nilimpigia mzee, akauliza kama usiku kwetu kuna baridi. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi wewe hukuukosea maji," akakata simu, salio limekwisha au maneno yamekwisha.

Japani wanafunzi wa bonsai huambiwa kwamba kumwagilia peke yake ni somo la miaka 3. Zamani nililiona neno la kujikweza. Kuna msonobari mmoja wa chunguni unaohesabiwa tangu 1625, ulionusurika bomu la Hiroshima 1945 nyuma ya ukuta wa bustani ya mwenyewe, ukatolewa zawadi kwa Marekani 1976, uko Washington. Hebu fikiria ni mikono mingapi iliyouinamia kila asubuhi, na ni asubuhi ngapi mmojawao aliamua kutoutia.

Ukisafiri siku mbili tatu, usiache chungu kimezama kwenye sinia la maji, utarudi ukute mizizi imeoza. Kiloweshe vizuri, kihamishie kivulini pasipo upepo, kisha kifukie nusu kwenye karai la mchanga wa mto ulioloweshwa. Ukienda zaidi ya hapo, tafuta mtu. Mfundishe kijiti, usimpe ratiba. Jirani mwenye huruma na ratiba ni hatari kuliko jua.

Mtini wa shangazi niliutoa chunguni Jumamosi ile. Nusu ya mizizi ilikuwa myeusi, inateleza mkononi kama mlenda. Niliikata mpaka penye weupe, nikauosha, nikaupanda kwenye vigae vilivyopondwa na makumbi, tumbawe la babu likiwa palepale. Majani yaliyosalia nikapunguza, kwa kuwa mizizi michache haiwezi kulisha mengi. Ukakaa ndani ya ukumbi, penye mwanga bila jua, ukitiwa maji kila baada ya siku tatu au nne, kijiti kikiamua. Shangazi hakupenda hata siku moja ya zile.

Kabla mvua za masika hazijaanza alinipigia tena, safari hii jioni. Kichomozi kimoja, chekundu nchani. Alitaka kujua kama sasa anaweza kuutia maji mengi zaidi. Nikamuuliza kijiti kimesemaje. Akasema wajukuu wamekichukua kuchomea nyama, ngoja atafute kingine.